Wewe Njoo Kwanza

1

Mimi nikikosa kazi huwa natazama watu. Si tabia njema, na marehemu bibi yangu alinikanya sana, lakini ndiyo burudani pekee isiyo na kiingilio. Na siku ile katika mji wa Turku, huko Ufini, sikuwa na kazi yoyote. Wenyeji wangu walikwishanisikiliza nikiwaeleza mtambo wangu tangu Jumatatu, wakaninywesha kahawa mpaka tumbo likalalamika, kisha wakaniambia kwa upole: pumzika, Mwantumu, ndege yako ni kesho. Nipumzike! Mtu niliyezaliwa nyuma ya soko la Muheza, nipumzike katika mji ambao hata mbwa wake hawabweki.

Nikajichagulia benchi kando ya mto Aura, nikafunga koti mpaka kidevuni, nikaanza.

Kwenye kituo cha basi walisimama watu wanne, na kati ya kila mmoja na mwenziwe ungeweza kupitisha mkokoteni wa machungwa. Nikawasalimu "Moi," kama nilivyofundishwa. Mmoja akaangalia viatu vyake, mwingine akaangalia viatu vya mwenziwe. Basi likaja bila dereva, kama mabasi yote ya siku hizi, likawachukua, na kila mtu akaketi dirishani pake. Hakuna aliyesukumwa, na hakuna aliyemuuliza mwenziwe habari za nyumbani.

Baadaye mama mmoja kijana akaegesha kigari cha mtoto mbele ya mkahawa, akafunga breki, akaingia ndani kunywa kahawa. Mtoto akabaki nje, kwenye baridi ile ya kukata masikio! Niliangalia huku, nikaangalia kule. Hakuna aliyeshtuka. Nikainuka nikaenda kusimama kando ya kile kigari kama askari wa lindo, maana dunia ina wezi wa kila kitu. Mama mtu alipotoka alinitazama kana kwamba mwizi mwenyewe ndiye mimi.

"Mtoto atapata kichomi," nikamwambia.

Kitafsiri, kile kidude cha sikioni, kikaninong'oneza jibu lake: "Analala vizuri zaidi nje. Sisi sote tulilala nje."

Akaondoka zake. Kwetu Muheza, mashangazi wa mtaa mzima wangekuwa wamekwisha kumwitia kikao. Nikarudi kwenye benchi langu nikiwa na hasira ambayo haikuwa na wa kumshukia. Mkono wangu ulikuwa bado unahisi ubaridi wa mpini wa kile kigari.

Hapo ndipo nilipomwona yule kijana.

Pale mtoni kuna kivuko kidogo cha bure ambacho hakina safari ya maana. Unapanda upande huu, na kabla hujakaa sawa umefika upande wa pili. Mabasi waliyapa mitambo, lakini kivuko walikiachia mtu wake, mwanamke mnene mwenye kofia ya sufu iliyoshuka mpaka kwenye nyusi. Watu wanapanda, wanavuka, wanashuka. Yule kijana hashuki. Alikwenda ng'ambo akarudi, akaenda tena akarudi tena, ameketi kwenye benchi la pembeni na ovaroli ya mafundi wa karakana ya meli, koti limetupiwa mabegani. Alikuwa mweusi kama mimi, anaongea na simu na kucheka. Na simu ameishika mbele ya mdomo kama kipande cha muwa, sauti imefunguliwa nje, dunia nzima isikie.

Mtu wetu yule, nikajisemea. Nilimjua kwa spika.

Nikainuka. Sikuwa nimesema Kiswahili na mtu tangu nitue, na kiu ya maneno ni kiu kweli. Laiti ningekaa kwenye benchi langu.

2

Nilipanda nikaketi nyuma yake, nikisubiri amalize ili nimsalimie vizuri. Sauti iliyotoka kwenye simu ilikuwa ya mzee, nzito, ya mtu aliyezoea kuimba besi kanisani.

"Mjomba wako amepita hapa asubuhi," ilikuwa ikisema. "Anataka mbegu ya tangawizi. Nimemwambia mbegu haiombwi kama chumvi." Ikacheka, ikakohoa kidogo.

Kijana naye akacheka. "Sasa, baba, msimu huu tunapanda shamba la juu au la bondeni?"

"Wewe njoo kwanza, mwanangu. Mengine tutaongea ukifika."

Nikatabasamu. Ndivyo wazee wetu wanavyosema, hata ukiwauliza wamekula nini.

"Na Krismasi, kwaya mtaimba ule wimbo wenu wa zamani?"

"Wewe njoo kwanza, mwanangu. Mengine tutaongea ukifika."

Tabasamu likanikauka. Pumzi ilikuwa ile ile, na sauti ilishuka pale pale kwenye neno "mengine." Nikashika ukingo wa benchi kwa mikono yote miwili. Sentensi ile niliiandika mimi. Niliiandika mezani kwangu Tanga, nikailinganisha na sauti za wazee wa kila kabila tulizoweza kuzipata, na niliionea fahari.

Hapa inanibidi nieleze. Kwetu habari ya kifo haitolewi kwa simu. Aliye mbali hupigiwa akaambiwa mzee anaumwa kidogo, njoo umwone. Anasafiri na wasiwasi wake, lakini anasafiri mzima, na akifika uani ndipo anapokalishwa, akashikwa, akaambiwa na watu. Shida ilianza simu zilipokuwa nyepesi mno. Mtu yuko ughaibuni, anaambiwa baba anaumwa, anasema haya mpeni simu niongee naye. Utampa nini? Watu walitambua, wakazimia viwanja vya ndege, mbele ya wageni wasiojua hata kuwapepea.

Ndipo mimi na wenzangu tukatengeneza Stara. Mtu anahifadhi sauti yake na mazungumzo yake akiwa hai, kwa ridhaa yake. Siku akiondoka, familia inaiamsha ile sauti, nayo inapokea simu za yule aliye mbali, ikizungumza habari za kuku na majirani, na kumwita nyumbani. Haina kazi nyingine. Niliinyima jambo moja: haina ruhusa ya kuahidi chochote cha kesho. Ikiulizwa habari ya kesho, ijibu, "Wewe njoo kwanza." Nilidhani hapo nimeshamaliza habari ya dhambi ya uongo. Simu ya msafiri ikigusa ua wa nyumbani, sauti inakatika, na waliomo ndani wanapata ujumbe: Mtu wenu amefika. Mkalisheni, mshikeni, mwambieni.

Siku moja tukiwa bado tunaijenga, mwenzetu mmoja aliuliza, "Na asipokuja?" Tukamcheka mpaka akacheka na yeye. Nani asije kumzika baba yake? Hatukuweka kikomo. Wenyeji wangu wa Turku nao walikuwa wameniuliza jana yake kama sauti inaweza kuachwa iendelee, maana wateja wao wangependa. Niliwajibu kwa kujivuna kwamba kwetu haijawahi kuhitajika.

Kivuko kikagusa ukingo. Watu wakashuka, kijana akabaki, na mimi nikabaki.

"Haya baba, nitakupigia tena," akasema.

"Kawia ufike," ikajibu simu.

3

Aligeuka akaniona. Uso ulimchangamka mara moja.

"Shikamoo, mama! Nimekujua kwa khanga hiyo shingoni. Tanga au Mombasa?"

"Marahaba, mwanangu. Tanga, Muheza."

"Ah, majirani! Mimi Mpare wa Mamba Miamba. Naitwa Eliamani. Eliamani Mshana."

Tukaulizana habari za safari, za kazi, za baridi. Akanieleza kwamba anachomelea vyuma vya meli, yupo zamu ya usiku, na mchana huja hapa kwa sababu chumbani kwake mtandao unakatikakatika. Nilikuwa nikiitikia huku mkono wangu uko mfukoni, kwenye simu yangu. Mimi ndiye mkuu wa mtambo ule. Naweza kulifungua jina lolote.

Nikaitoa, nikajifanya natafuta picha. Nikaliona jina lake, na chini yake limeandikwa: Hajafika. Sauti ya babake, Mzee Kajiru Mshana, iliamshwa mvua za vuli zilipoanza, na dada yake alikuwa ametuandikia humo hali yote ya nyumbani. Sasa mto ule ulikuwa umekwisha kuganda na kuyeyuka. Nikateremsha kidole kidogo, nikaona wengine ambao hawajafika. Walikuwa wengi. Nikaacha kuteremsha.

Kando ya jina lake kulikuwa na kitufe cha dharura, kwa ajili ya msafiri aliyeharibikiwa na simu njiani: Amefika. Ningelikigusa tu, naye akipiga tena angesikia kimya. Kesho yake angekata tiketi. Nusu yangu iliona hilo ndilo jambo la huruma. Nusu nyingine ilijua kwamba nitakuwa nimemuua mzee wa watu mara ya pili, nyuma ya mgongo wa mwanawe, kisha nikashuka kwenda kununua zawadi za wajukuu.

Sikuweza. Nikaiweka simu kwenye mapaja yangu.

"Eliamani," nikasema, "mimi ni mmoja wa waliotengeneza Stara."

Changamko lile likamtoka usoni polepole. Kivuko kilikuwa kimeshang'oka, tuko katikati ya maji. Hakuuliza ninazungumzia nini, na hilo ndilo lililonitisha.

"Usiseme," akasema.

"Kumbe unajua."

"Sijui kitu. Sijaambiwa."

"Mwanangu..."

"Sijaambiwa, mama! Aliyeniambia ni nani? Dada Nakiete ananipigia kila Jumapili, anasema baba hali yake si nzuri, njoo. Namuuliza, mbona unalia? Anasema mafua. Mama anasema kuna jambo hawawezi kulianza bila mimi. Jambo gani? Jambo tu. Hakuna aliyeniambia. Kwa hiyo mimi sijafiwa." Akajivutia koti mabegani. "Baba yangu mimi, nilipovunjika mguu shuleni, alituma salamu kwamba mguu una mwenyewe, atauuguza. Mtu yule aniite mimi njoo, njoo, njoo? Siku ya kwanza tu nilijua. Nikakata simu, nikatapika. Halafu nikapiga tena."

"Kwa nini usiende?"

"Nikienda inakatika. Si ndivyo mlivyoiweka?" Alinitazama kwa chuki ya wazi, na nilistahili. "Baba na mimi tuliachana vibaya. Hakutaka nije huku. Miaka yote ile tuliongea kwa kupitia mama, kama wakwe. Sasa kila siku ananiambia habari za kuku. Anacheka! Unajua mara ya mwisho baba yangu kucheka na mimi ilikuwa lini? Na mimi sijui."

Nilitaka kumwambia kwamba kicheko kile tulikiokota kwenye rekodi ya harusi ya dada yake au sherehe ya kanisa. Namshukuru Mungu nilinyamaza.

Tukagusa ukingo, tukang'oka tena. Yule mwanamke wa kofia ya sufu alitutupia jicho, akarudisha macho yake majini.

"Mama yako," nikasema. "Mzee yuko wapi sasa hivi, Eliamani?"

Akatazama maji.

"Yuko mochwari, na mama yako amekataa kuzika bila mwanawe wa kiume. Turubai liko uani tangu vuli. Majirani walikuja, wakakesha, wakachoka, wakarudi mashambani mwao. Mama wa watu hajaanua tanga. Halali kitandani."

"Wazike. Nani kawakataza? Wazike bila mimi."

"Umewaambia hivyo?"

Angewaambiaje? Kusema zikeni ni kusema najua. Wao hawawezi kusema kwa simu, yeye hawezi kuuliza kwa simu, na katikati yao nimeweka mzee mcheshi asiyechoka kupokea. Kawia ufike, walisema wahenga. Hawakuwahi kumfikiria mtu anayekawia ili asifike, na mimi ambaye nililipwa ili nifikiri sikumfikiria pia.

"Ukiizima," akasema kwa sauti ndogo, "mimi nitabaki na nani huku?"

Nilitazama ng'ambo, nikawaona watu wakisubiri kivuko, kila mmoja na nafasi yake.

"Sitaizima kwa siri," nikasema. "Nimekwambia ili usije ukapiga ukakuta kimya bila kujua aliyekunyang'anya. Lakini kuiacha siwezi. Mama yako naye ni mtu."

4

Tulivuka tukarudi. Kisha akaichukua simu yake, akapiga, na kwa mara ya kwanza hakuifungua sauti nje. Aliiweka sikioni kama watu wa pale. Lakini kivuko ni kidogo, na nilisikia.

"Baba. Nikija, nitakukuta?"

Swali lile lilikuwa la kesho, na jibu lake nililiandika mwenyewe.

"Wewe njoo kwanza, mwanangu. Mengine tutaongea ukifika."

Akasikiliza kana kwamba kuna zaidi. Hapakuwa na zaidi. Machozi yakamteremka mpaka kwenye kola ya ovaroli.

"Haya, baba," akasema, akakata simu yeye mwenyewe.

Akanigeukia. "Basi niambie. Lakini niambie kama nyumbani."

Kwetu wangekuwepo wanaume wa kumshika pande zote mbili, na mama mmoja wa kulia kabla yake ili asione aibu. Nilikuwa peke yangu, mwanamke wa makamo mwenye goti bovu. Nikahamia benchi lake. Nikamfunika mabega kwa khanga yangu, nikampa maji ya kwenye chupa yangu anywe, akanywa. Nikamshika mikono yote miwili, nikahakikisha ameketi vizuri.

"Eliamani, mwana wa Kajiru Mshana wa Mamba Miamba. Sisi sote ni wa Mungu, na kwake tutarejea. Baba yako ametutoka. Pole sana, mwanangu."

Habari zile alikuwa nazo tangu vuli, lakini alilia kama mtu aliyepigwa nazo wakati ule ule. Aliteleza kutoka kwenye benchi akaanguka magoti, na mimi nikaanguka naye kwa kuwa sikukubali kumwachia. Aliita "Baba!" kwa sauti ambayo naamini mji ule haukuwahi kuisikia. Tulikuwa tumegusa ukingo. Nikainua macho nikitegemea kuona watu wametuzunguka na simu zao, au wanafyonya kwa kucheleweshwa.

Yule mwanamke wa kofia ya sufu alikuwa ametoka kwenye kibanda chake. Aliuvuta mnyororo akaufunga mlangoni ili asipande mtu, kisha akasimama akitugeuzia mgongo. Wale waliosubiri wakabaki nchi kavu. Hakuna aliyeuliza kitu. Waligeuza nyuso zao upande wa miti, na mzee mmoja akavua kofia. Ule umbali wao niliokuwa nikiucheka tangu asubuhi, sasa ulikuwa chumba walichotupatia tulilie humo.

Alipopungukiwa na nguvu, nikamwonyesha simu yangu, jina lake na kile kitufe. Akalitazama lile neno. Akatikisa kichwa kukubali. Nikabonyeza.

Amefika.

Ni mpumbavu gani anayesahau mtambo alioujenga mwenyewe! Tulikuwa bado tumekaa chini pale pale, khanga imelowa machozi ya watu wawili, simu yake ilipolia. Alishtuka, kwa nukta moja uso ukawaka tumaini la kitoto. Kisha akaona jina. Alikuwa mama yake. Nami ndipo nilipokumbuka ule ujumbe unaokwenda nyumbani.

Akapokea. Kidole kikateleza kikagusa spika.

"Eliamani?" Sauti ya mama ilikuwa inahema, na nyuma yake jogoo akiwika. "Eliamani, simu imesema umefika! Nimetoka nje, nimekimbia mpaka kwenye migomba, sikuoni. Uko wapi, mwanangu? Umepitia njia gani?"

Nilitamani mto ule unimeze. Kijana akafumba macho.

"Sijafika, mama. Nipo huku bado. Lakini nimeambiwa."

Jogoo akawika tena.

"Nani kakwambia?"

"Mama mmoja. Wa Muheza. Tumekutana kivukoni."

"Ulikuwa umekaa?"

"Nilikuwa nimekaa, mama."

"Alikushika?"

Eliamani akaniangalia. Vidole vyangu vilikuwa bado vimefumbata kiganja chake.

"Amenishika. Mpaka sasa amenishika."

Nilimsikia yule mama akivuta pumzi ndefu, pumzi ya tangu vuli, ikakatika katikati, akaanza kulia. Alilia kwa sauti, bila kuficha, bila mafua. Sauti nyingine za wanawake zikamwitikia kwa mbali. Majirani walikuwa wanakuja. Kisha akajikaza, akairudia simu.

"Basi njoo," akasema. "Njoo tumzike baba yako."

Yule mwanamke akaufungua mnyororo. Eliamani akainuka, akanirudishia chupa, khanga akasahau kunirudishia. Akashuka kivukoni. Wale waliokuwa wakisubiri wakampisha njia, akapita katikati yao, na yule mzee aliyevua kofia akamgusa bega, mara moja tu.

Wakapanda, wakakaa kila mtu mahali pake. Mimi sikushuka. Simu ilikuwa mkononi mwangu, bado iko wazi kwenye yale majina ya wasiofika, nami nikaketi kwenye benchi lile la pembeni nikavushwa tena.